Kliniki ya utengamao wa majeraha ya ubongo, Tabora mjini: miguu wanaijulia, kumbukumbu bado

Wengi wanaoletwa hapa ni vijana wa bodaboda na abiria wao, wa mjini na wa kutoka Sikonge na Urambo. Kliniki yenyewe ni chumba kimoja: vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kutembea, ngazi fupi ya mbao, magodoro, baiskeli ya mazoezi. Bei imebandikwa mlangoni na risiti hutolewa bila kuombwa. Wahi kabla ya saa tatu asubuhi. Mgonjwa wa ubongo huchoka mapema, na joto la Oktoba humalizia kilichobaki.

Zoezi la kukaa na kusimama linafundishwa ipasavyo. Kiti kisichoyumba, kimo cha goti, nyayo zimevutwa nyuma kidogo, na mguu dhaifu umewekwa nyuma zaidi ya mzima. Mgonjwa anainama hadi pua ipite vidole vya miguu, ndipo anasimama: mara 10, pumziko, raundi 3. Mguu mzima ukiwa ndio ulio nyuma, utabeba mzigo wote na ule dhaifu utabaki mtazamaji. Ndugu wanakatazwa pia kumnyanyua mgonjwa kwa kumshika makwapa, kwa sababu bega lililopooza hushuka kutoka mahali pake, na likianza kuuma hata mazoezi mengine hukwama. Ule mpira wa kuminya kwa mkono uliokaza wangeuondoa tu. Vidole hivyo kukunja vinajua, havijui kufunguka.

Kasoro kubwa ni kwamba anayetembea mwenyewe huhesabiwa amepona. Fomu inauliza alizimia muda gani, haiulizi alianza lini kukumbuka mambo ya jana na juzi. Kipindi hicho cha kutokumbuka kikizidi siku 7, jeraha huwekwa kundi la makali, hata kama mgonjwa anasalimia vizuri na kutaja majina ya wanawe. Huyo ndiye anayerudi nyumbani akaacha sufuria motoni, akameza dawa mara mbili, akagombana na mke kwa jambo dogo, na majirani wakasema amebadilika tabia kwa makusudi.

Daftari la kumbukumbu wanalitoa, ila kama kadi ya kliniki: chukua, nenda. Halifanyi kazi hivyo. Ligawanywe sehemu tatu: mambo ya leo, dawa, watu na namba zao. Likae mahali pamoja siku zote, ikibidi lifungwe kamba na kuvaliwa shingoni. Kengele ya kitochi ilie saa zilezile, na ikilia afungue daftari. Akiuliza jambo lililoandikwa humo, ajibiwe "tazama daftari". Wala asiambiwe abahatishe, maana mwenye kumbukumbu mbovu hushika kosa lake mwenyewe kuliko sahihisho alilopewa.

Kinachonifanya niipe kliniki hii nyota ya nne ni simu ambayo kliniki hupiga nyumbani kwa mgonjwa kila Jumatano. Wapo wanaoiona kama huduma ya maskini wa nauli. Sivyo: utafiti wa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliwagawa kwa kura askari 120 wenye majeraha ya ubongo: wengine walilazwa wiki 8 kwa mafunzo ya kina, wengine walifanya mazoezi nyumbani wakipigiwa simu na muuguzi kila wiki. Baada ya mwaka mmoja, waliorudi kazini walikuwa asilimia 90 kwa waliolazwa na 94 kwa wa nyumbani, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Lakini askari wale walikuwa wanatembea, walikuwa na mtu mzima wa kuwaangalia, na jeshi lilikuwa mwajiri wao. Dereva wa boda hana mwajiri anayemngoja, na kurudi kazini kwake ni kurudi barabarani, ambako kuchelewa kidogo kuamua kunaua. Hilo kliniki haijalipangia kipimo chochote.

Simu yenyewe huharibiwa na swali la "anaendeleaje?", kwa kuwa jibu lake ni "anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu". Andaa majibu yenye hesabu: alisahau dawa mara ngapi, alilala mchana saa ngapi, alifoka lini na kabla yake kulitokea nini. Siku ya kujiandikisha toa namba ya ndugu anayelala nyumba moja naye. Ukitoa ya mgonjwa, atapokea, ataongea vizuri kabisa, na jioni hatakumbuka kama alipigiwa.