Kiti cha kontena au cha fundi wa kuchomea?

Kila kontena la viti vya magurudumu vya msaada likishushwa bandari ya Mkoani, Pemba, ubishi unarudi: tupokee hivi, au tuchangishane fundi wetu atengeneze?

Kwa bei, cha msaada kimeshinda, ni bure. Ila bure hiyo ina mwisho wake. Mtoto wa jirani yetu Micheweni alipewa kiti kinachong'aa, vigurudumu vya mbele vidogo, vya kutembelea sakafu ya hospitali. Masika yalipoingia vikazama kwenye tope, mama yake akarudi kumbeba mgongoni hadi chuoni, madrasa. Beringi ilipokufa, alizunguka maduka ya Wete na hakuipata.

Cha fundi unakilipia, na ni kizito. Kukipakia kwenye daladala ni kazi ya watu wawili. Lakini gurudumu ni la baiskeli, pancha inazibwa chini ya mwembe, na bomba la fremu likikatika linachomewa siku hiyo hiyo.

Fundi anaposhindwa ni kwenye mkao. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji kuegemezwa kichwa na kiuno. Kiti kisichomfaa humtia vidonda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unataka mtumiaji apimwe kwanza, na hapo wa kontena nao huniudhi: wanagawa, wanapiga picha, wanaondoka.

Anayekaa ghorofa ya chini Michenzani, mjini Unguja, kwenye sakafu na lami, cha msaada kinamtosha. Wa shamba mwenye mgongo imara, mpeleke kwa fundi. Wa mtindio, muone kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo.