Springi ya kuzibulia sinki: nimeitumia, na hivi ndivyo ilivyonitesa

Haya jamani, karibuni tena. Leo nina hii hapa: springi ya kuzibulia, ya kuzungusha kwa mkono, mita 5. Nimeichukua Kariakoo kwa shilingi 30,000.

Sinki langu la jikoni lilianza kwa kukoroma, likawa linanywa maji polepole, mwisho likagoma kabisa. Pampu ya mpira, wapi! Nikafungua lile goti la chini ya sinki: punje tatu za wali na kijiti cha kiberiti, basi. Kumbe uchafu uko mbele, kwenye bomba linalopita chini ya sakafu kwenda kwenye chemba, lile shimo dogo la nje lenye mfuniko.

Jirani akasema, "Mwagia kostiki soda." Ni kweli ikikutana na mafuta inageuka sabuni; watengeneza sabuni wanaijua hiyo. Lakini maji yakiwa yamesimama, dawa inachemkia hapohapo, inaweza hata kuganda ikawa jiwe, na atakayefungua bomba baadaye ndiye atakayerukiwa machoni. Sikuiweka. Na ile siki na bekingi soda, povu lake linapendeza kwenye video tu. Vinauana nguvu vyenyewe.

Turudi kwenye springi. Kichwa chake nakisogeza karibu na kamera: kimetuna katikati, waya umesokotwa kwa nafasi ili unase uchafu. Hapa wamefanya kazi. Ila hii skrubu ya kubania waya, aibu! Inalegea. Unazungusha mpini, ngoma (kile kikopo kinachobeba waya) inazunguka, waya umetulia tuli kama hauhusiki.

Siku ya kwanza niliingizia jikoni. Kuna kona tatu kabla ya kufika chini, ya pili ikanikatalia, nikalazimisha. Mnaona hapa palivyopinda? Ni mimi huyo.

Ndipo nikatoka nje kufunua chemba, jambo ambalo ningelifanya kwanza. Ukikuta chemba imejaa, kizuizi kiko mbele yake, kuelekea shimo la maji taka. Hapo mita 5 hazikusaidii, ita fundi. Yangu ilikuwa kavu. Kwa hiyo mzigo uko kati ya chemba na jikoni, na ukitokea chini kwenda juu njiani kuna kona moja tu.

Nikavaa glavu. Sukuma waya mpaka ugonge, bana skrubu, zungusha kwenda kulia. Hata ukivuta, endelea kulia kulekule. Ukirudisha kushoto unaachia ulichonasa, na waya wenyewe unaweza kujikunja. Kwenye mita kama 3 nikahisi kitu kinabonyea, kama mwiko kwenye ugali uliolala. Nikazungusha, nikavuta taratibu. Kikatoka kipande cheupe kirefu kama mshumaa: mafuta ya chapati yaliyoganda, katikati yake nyuzi za stiliwaya la kusugulia sufuria. Harufu siisimulii. Sekunde moja baadaye maji yote ya sinki yakashuka kwa mkupuo. Simameni pembeni ya chemba, msije mkasema sikuwaambia.

Nikamalizia na maji ya moto yenye sabuni ya vyombo. Ya moto, si yanayochemka, maana bomba la plastiki linalainika na maungio yanaachia.

Ningeinunua tena? Ningenunua, kwa bomba la sinki la inchi moja na nusu hadi mbili. Chooni msiipeleke: inakwaruza bakuli, na kwenye bomba la inchi 4 waya mwembamba hivi unajiviringisha tu. Ile skrubu nimeshaitoa, nimeweka bolti ya shilingi 500 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, sasa inabana sawasawa. Ukimaliza ioshe, ikaushe, ipake mafuta kidogo. Yangu niliiacha na maji siku mbili, hizi hapa kutu zake.

Naipa 7 kati ya 10. Ningeionyesha ikifanya kazi tena leo, ila mama mwenye nyumba anaisubiri hapo mlangoni.