Utabiri wa Hali ya Hewa wa Runinga: Ramani Nzuri, Maelezo Haba

Kwa msimu mzima wa masika nimekuwa nikitazama, hapa Mombasa, utabiri wa hali ya hewa unaofuata taarifa ya habari ya usiku katika kituo kimoja cha runinga, na sina budi kuzisifu ramani zake, ambazo hata mzee aliyesahau miwani huzisoma. Kasoro iko kwenye asilimia. Mtangazaji anaposema kuwa uwezekano wa mvua ni asilimia 30, jirani yangu huelewa kwamba itanyesha kidogo tu, naye mwanawe hushikilia kuwa itanyesha karibu theluthi ya siku, ilhali maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye hali kama hiyo, mvua hutarajiwa katika siku 3. Sentensi moja ingetosha kulieleza jambo hilo. Pwani nayo hutajwa kana kwamba Lamu na Vanga ni mtaa mmoja. Upepo hupewa sekunde chache, nao ndio mvuvi anaousubiri, hasa kusi inapovuma na bahari kuchafuka. Ramani nazipa alama 4 kati ya 5, maelezo, 2.