Begi moja la kazini Dar na la kupanda Uluguru: uzoefu wangu na lita 24

Begi lenyewe ni la mgongoni, ujazo wa lita 24, nailoni ya 420D (kipimo cha unene wa uzi), kijivu iliyokolea, urefu sentimita 47, na likiwa tupu lina gramu 900. Ni mtumba wa soko la Karume, shilingi 45,000. Asubuhi linaenda nami kwenye daladala na mwendokasi, wikiendi natoa laptopu na kulipeleka Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, milima ya Uluguru imekuwa karibu na mtu wa Dar kuliko zamani, na swali la kuwa na begi moja au mawili linakuja lenyewe. Moja linatosha, ila ulichague kwa mishono na zipu zake, usilichague kwa wingi wa mifuko.

Kuhusu ukubwa, mjini ndani yake kunaingia laptopu ya inchi 14, chaja, chupa ya maji, mwavuli na kontena la chakula. Mlimani kunaingia maji lita 2, koti la mvua, sweta, chakula, tochi na kiboksi cha dawa, jumla kilo 6 hadi 7. Ukishuka chini ya lita 20, sweta au koti vitabaki nyumbani, na kilele cha Bondwa huko Uluguru kiko juu ya mita 2,100. Ukungu ukishuka pale unavihitaji vyote viwili. Ukizidi lita 30, begi halikai mapajani kwenye daladala. Pima pia mgongo wako, kuanzia mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi juu ya mifupa ya nyonga. Begi lisiwe refu kuliko hapo, la sivyo kwenye mteremko litakupiga makalio kila hatua.

Zipu ndiyo inayoua mabegi mengi kabla ya kitambaa kuchoka. Geuza kichwa cha zipu utazame nyuma yake: mara nyingi kuna namba 5, 8 au 10, ambayo inakaribiana na upana wa meno kwa milimita zipu ikiwa imefungwa. Mfuko mkubwa uwe na 8 au 10, namba 5 iachie vimifuko vidogo. Langu lina namba 10. Maandishi ya YKK, chapa maarufu ya zipu, peke yake yasikutoshe, feki zipo nyingi. Vuta kichwa huku na huku mara kadhaa kwa mkono mmoja, hasa kwenye kona. Zipu iliyoshonwa kwa kona kali huanza kukwama na kuachia hapohapo, kwa hiyo tafuta yenye mzunguko mpana. Kwa anayeishi karibu na bahari, meno ya chuma hayafai, chumvi inayala.

Siku zipu inapoanza kuachia, yaani unafunga lakini meno yanafunguka nyuma ya kichwa, usikubali haraka kubadilishiwa zipu nzima. Mara nyingi kilichochoka ni kichwa tu: mchanga umekitafuna kwa ndani, kimetanuka, hakibani tena. Fundi anafumua sentimita chache mwisho wa zipu, anachomoa kichwa cha zamani, anaingiza kipya cha namba na aina ileile, anashona. Kazi fupi kabisa. Kukibana kwa koleo kunasaidia kwa muda. Bana pande zote mbili kidogo kidogo na kwa usawa, ukizidisha kinapasuka kwa sababu ni chuma cha kumiminwa na hakipindi. Kuzuia ni rahisi zaidi: ukitoka ufukweni sugua meno kwa mswaki wa zamani na maji baridi, yakikauka pitisha mshumaa juu yake.

Baada ya zipu, tazama shina la mkanda wa bega, pale unaposhonwa na mwili wa begi. Shika mkanda kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine, vuta kwa nguvu huku macho yako kwenye matundu ya sindano. Matundu yakinyooka kuwa mistari, au mwanga ukapenya katikati ya nyuzi, liache hapohapo hata kama bei ni nzuri. Shina imara lina mshono wa mraba wenye alama ya X katikati, na ncha ya mkanda imeingia ndani ya mshono wa begi, haikubandikwa juu ya kitambaa tu. Ukishafika nalo nyumbani tia chupa za maji jumla lita 8, ambazo ni kilo 8, uliinue kwa mkanda mmoja. Hivyo ndivyo unavyolinyakua kila siku wakati wa kushuka kituoni. Langu shina la kushoto lilikuwa limelegea kidogo, nikampelekea fundi viatu akaweka kipande cha mkanda wa siti ya gari kwa ndani na kushona kwa uzi wa nailoni. Sasa upande huo ndio imara kuliko mwingine.

Mtumba una ugonjwa mmoja usioonekana kwa nje. Geuza begi ndani nje, bonyeza kitambaa kwa dole gumba ukihesabu hadi tano. Likinata, likitoa unga au magamba, au likinuka uchachu, utando wa poliyurethani unaozuia maji umeshaoza. Joto na unyevu ndivyo vinavyouvunja, kwa hiyo begi lililokaa stoo miaka mingi bila kubebwa linaweza kuwa bovu huku nje likionekana jipya. Hakuna sabuni inayorudisha utando huo, na hewa ya Dar itaendeleza kilichoanza.

Mfuko wa laptopu uwe unaning'inia. Ingiza mkono ndani hadi chini: kati ya kitako cha mfuko huo na kitako cha begi pawe na nafasi ya sentimita 2 au zaidi. Ukiwa umeshonwa hadi chini kabisa, kila ukitua begi sakafuni ni kona ya laptopu inayogonga. Mlimani ndani ya mfuko huohuo unakaa mfuko wa maji wenye mrija, na ndipo mahali pake, kwa kuwa uzito unatakiwa uwe karibu na mgongo.

Mvua. Hakuna begi la zipu na mishono ya kawaida lisilopitisha maji, hata muuzaji akiapa. Kava la mvua linafunika mbele na juu, lakini maji yanateremka mgongoni mwako, yanaingia nyuma na kukusanyika chini ya kava. Kinachokinga ni mfuko wa ndani usiopitisha maji, wa kukunja mdomo, lita 20: kunja mara tatu au nne kisha funga klipu. Mifuko ya plastiki ya rambo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na hata ilipokuwepo ilichanika haraka. Upande wa mashariki wa Uluguru mvua haina msimu wa kutegemea, kwa hiyo mfuko huo wa kukunja mdomo unakaa ndani ya begi mwaka mzima.

Rangi si urembo tu. Mabaka ya kijeshi yaache kabisa. Tanzania na Uganda raia hatakiwi kuvaa mavazi ya namna hiyo, na kubishana na askari kwa sababu ya begi hakuna faida. Bluu na nyeusi zinavuta mbung'o, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo, kwa hiyo anayekwenda hifadhi ya Mikumi achague kijivu au kaki.

Kwenye daladala lililojaa nalihamishia kifuani. Kwenye bodaboda linakaa mgongoni, mikanda yote miwili, chupa ikiwa ndani. Begi la kuning'iniza bega moja ukiwa kando ya barabara ni hatari: anayepora akiwa kwenye pikipiki akishika mkanda, unaburutwa nawe. Mkanda wa kiunoni mjini nauchomeka nyuma ya sponji ya mgongo, maana ncha inayoning'inia inanasa mlangoni. Mlimani naufunga, kwa begi lisilo na fremu haupunguzi uzito mabegani, unazuia tu begi lisiyumbe ukiruka mawe, na hilo linatosha.

Kasoro zake mbili nimeshazizoea. Sponji ya mgongo ni bapa, hakuna njia ya hewa, shati linalowa kabla hujafika Morningside, njiani kupanda Uluguru. Mifuko ya pembeni ni ya wavu, na miiba inaufungua uzi mmoja baada ya mwingine. Fundi anaweza kushonea juu yake kitambaa cha nailoni chenye kina cha sentimita 18, na chupa ya lita moja haitachomoka. Kufua ni kwa mkono, maji ya kawaida na sabuni ya kipande, kisha litundikwe kichwa chini kivulini zipu zote zikiwa wazi. Jua kali linachosha nailoni, na mashine inaumiza utando wa ndani.