Kulinda ufukwe unaoliwa na bahari: ukuta au mchanga? Tuitazame Cancún
Kimbunga Wilma kilipoipiga Cancún, Meksiko, Oktoba 2005, kilikomba mchanga mbele ya hoteli, mahali pengine ukabaki mwamba mtupu.

Ukuta wa zege hulinda jengo, si ufukwe. Wimbi likiugonga hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga chini ya msingi, na jirani asiye na ukuta ndiye anayeumia.

Mchanga unaofyonzwa baharini na kumwagwa ufukweni humpa mgeni pa kutandika taulo, na wimbi huchoka likipanda mteremko. Ila kazi haiishi: Cancún walijaza 2006, wakarudia tena 2009 hadi 2010. Chembe zikiwa ndogo kuliko za asili, huondoka upesi.

Mimi ningechagua mchanga, mradi hoteli zirudi nyuma ya matuta ya mchanga ya ufukweni. Hilo wenye hoteli hawataki hata kulisikia.