TAHADHARI kwa wenye malori Bukavu: "kilasi imekufa" ya kuuziwa

Mashofa na wenye malori, kuna garaji moja hapa mjini inauza ugonjwa ambao gari haina: eti kilasi, yaani kichwa cha injini, imekufa. Mimi nimeliwa dola 280.

Fuso yangu ni ya zamani. Jioni moja nilikuwa napanda mlima wa Ngomo nikitokea Kamanyola na mzigo wa mchele, taa zimeshawashwa, mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu. Nikakimbilia garaji. Fundi akachukua kitambaa, akafungua kifuniko cha radiateri papo hapo, maji yakaruka kama sufuria ya maharage. "Papa, umeona? Kilasi imekufa, moto unaingia kwenye maji."

Ujanja uko hapo. Kifuniko kile kinayabana maji yasichemke upesi. Bukavu tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, na maji yasiyobanwa huku yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayangoji 100. Hata injini nzima kabisa, ikitoka kupanda Ngomo, ukiifungua itaruka vilevile. (Itakubabua uso pia, usijaribu.)

Nikalipa. Safari iliyofuata, usiku, mshale juu tena. Shofa mmoja mzee niliyembeba akasema: "Hebu zima taa." Nikazima, mshale ukashuka palepale. Nikawasha, ukapanda. Maji gani yanapata moto kwa sekunde moja? Kumbe ni waya wa masi, ule wa kurudisha umeme unaofunga kabini na shasi, umeliwa na kutu; taa zikiwaka mshale unadanganya. Msasa kidogo, spana, basi.

Asubuhi tukainua kabini. Boliti za kilasi zimejaa matope makavu na mafuta ya zamani, spana haijazigusa kabisa! Walichofanya ni kupaka silikoni mpya pembeni, ing'ae.

Ukitaka kujua kama kilasi imekufa kweli, washa injini ikiwa baridi, kifuniko cha radiateri wazi. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au maji yanapungua na hakuna panapovuja, au mafuta ya injini yamegeuka chai ya maziwa, hapo sikiliza fundi. Na siku ya kufungua kilasi usiende nyumbani: kaa hapo, jwenti ya zamani (ile inayokaa chini ya kilasi kuziba) uishike kwa mkono wako.

Nimerudi kudai pesa mara nne. "Papa, patroni hayupo, rudi kesho."