Difu ya 43/9 kwenye brekidauni yangu: miezi kumi na moja kati ya Nakuru na Timboroa

Dereva wangu ni mzee tunayemwita Guka. Kila tukifika mlima wa Sachangwan na mzigo mgongoni alikuwa na usemi wake: "Mama, gari hili halikosi nguvu, linakosa meno." Mwaka mzima nilidhani ni mzaha wa wazee.

Lori lenyewe ni la ex-Japan, dizeli ya silinda nne yenye tabo (ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), lita tano na kitu, flatibedi na winchi. Nililinunua likiwa na sura nzuri kuliko yangu. Niliuliza injini, nikauliza tairi, nikauliza logibuku. Muuzaji akanigongea boneti na kusema, "Hii ni tabo, mama, utavuta hata treni." Difu, yale meno ya ekseli ya nyuma yanayozungusha tairi, hakuitaja, nami sikuiuliza. Nani huuliza difu?

Kazi yetu kubwa iko barabara ya Eldoret: Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, Makutano, Timboroa. Mara moja moja tunakata kushoto Mau Summit kwenda Kericho. Nakuru mjini tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Timboroa inapita 2,700. Huko juu hewa ni pungufu karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kiasi hichohicho. Yenye tabo hujitetea, lakini sharti tabo iwe inazunguka, na tabo haizunguki vizuri injini ikiwa chini kwenye mizunguko 1,100 kwa dakika. Hapo ndipo Guka alikuwa na hoja.

Usiku ulionifungua macho tulikuwa na pikapu ya mtu wa Eldoret juu ya flatibedi, imejaa saruji, mwenyewe hataki mfuko hata mmoja ushushwe. Baada ya Salgaa namba tano ikawa pambo. Namba nne ikafa. Namba tatu, kwa kilomita 30 kwa saa, mshale wa mizunguko ulikuwa umelala karibu na 1,150 na kebini yote inatetemeka. Ukirudi namba mbili injini inapiga kelele kwenye 2,000 na foleni ya matrela nyuma inakuwashia taa. Kisha mbele wakasimama. Kuondoka pale na uzito ule, klachi ilinuka kama mtu anachoma viatu vya mpira. Ilikuwa sahani ya pili ya klachi katika miezi saba.

Fundi wangu, kijana wa Industrial Area ambaye hana kibao wala kadi, hakuanza kwa kufungua kitu. Aliweka mawe kwenye tairi za mbele, akaachilia handibreki (kwenye lori hizi handibreki hushika propela, lile shafti la kutoka giaboksi hadi difu, ukiisahau hutazungusha kitu), akaweka gia frii, akainua upande mmoja wa nyuma kwa jeki. Akachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. "Mathe, wewe hesabu propela, mimi nahesabu tairi." Upande mmoja ukiwa umekanyaga chini, tairi lililoinuliwa hulazimika kuzunguka mara mbili ili krauni, gia kubwa ya ndani ya difu, izunguke mara moja. Watu wengi huzungusha mara mbili tu, wanasema "nne na kidogo", wanaishia hapo. Yeye alizungusha mara ishirini. Mimi nikafika arobaini na moja kamili, chaki juu. Krauni ilikuwa imezunguka mara kumi, kwa hiyo uwiano ni 4.1. Baadaye difu ilipofunguliwa tulikuta meno 41 kwenye krauni na 10 kwenye pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha.

Hiyo ni difu ya barabara tambarare: uwiano mdogo hukimbia, mkubwa huvuta. Si mbaya, ila haikuzaliwa kwa ajili ya Sachangwan.

Nikaingia kwenye daftari, maana mimi kabla ya brekidauni nilikuwa karani wa stoo na namba haziniogopeshi. Tairi langu, nililiviringisha mzunguko mmoja nikapima kwa utepe, linakula mita 2.65. Kwa 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya mwisho ya gari la biashara, tairi huzunguka kama mara 503 kwa dakika. Namba nne kwenye giaboksi langu ni moja kwa moja (propela huzunguka sawa na injini), namba tano ni 0.75. Zidisha 503 kwa 4.1 kwa 0.75, unapata 1,550 hivi. Tupu, hiyo ni raha, lori linateleza kama mtumbwi. Ukiwa na mzigo, ukigusa kilima kidogo tu umeshatoka mahali injini inapovuta, ambapo kwa yangu ni kuanzia 1,500 hadi 2,400.

Guka alitaka 39/7, yaani 5.57. Nilimkatalia, na hadi leo ananinunia kidogo. Jirani yangu anayebeba majani mabichi ya chai upande wa Kericho ana hiyo, naye ana haki nayo: hapiti 50 kwa saa tangu asubuhi hadi jioni, na barabara zake za matope zinapanda kama ngazi. Sisi nusu ya safari tunarudi watupu, na nyingine ni za Nairobi. Nikachagua ya katikati, 43/9, ambayo ni 4.78. Kila gia inavuta zaidi kwa asilimia 17 kuliko 4.1, na kwa 80 namba tano injini iko 1,800. Haipigi makelele, haijalala.

Kununua ndiko kulikonitoa machozi. Duka la kwanza waliniuzia krauni na pinioni "mpya kabisa" zimefungwa kwenye gazeti. Fundi alizigeuza mara moja tu akanirudishia. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huchorwa namba ya kulingana. Hizi zilikuwa na namba mbili tofauti, zimetoka difu mbili tofauti. Ukifunga hivyo, gari litalia kama nyanya aliyefiwa, kisha meno yatakatika. Kurudishiwa pesa zangu kulichukua wiki tatu na safari nne. Sitataja duka, ila nasema: kabla hujalipa, omba kurunzi na usome zile namba mwenyewe.

Mwishowe nilichukua difu nzima iliyotumika, kichwa chote, shilingi 85,000, nikamlipa fundi 12,000. Na hapa ndipo ninapompa kijana huyu nyota zake zote. Hata ilipokuja nzima hakuiamini. Aliifungua, akapaka meno machache ya krauni rangi nzito ya manjano, akazungusha mbele na nyuma akiwa ameishikilia kwa kitambaa ili iwe na uzito, kisha akaniita. Pale pinioni ilipogusa rangi ilikuwa imefutika, na alama ilikuwa imekaa pembeni, karibu na ukingo wa jino. "Hii ingelia baada ya mwezi," akasema. Akatoa shimu moja (kile kibati cha kupanga nafasi ya meno), nyembamba kama karatasi ya biskuti, akarudisha, akapaka upya. Mara ya tatu alama ikakaa katikati ya jino, umbo la yai. Alitumia saa tano kwa kitu ambacho wengine wangefunga kwa saa moja na nusu. Akanipa sharti: kilomita 500 za kwanza hakuna kuvuta mzito, kisha mwaga oili, weka nyingine. Oili ya kwanza ilitoka na unga wa chuma unaong'aa kama pambo la harusi. Alisema ni sawa, na sumaku ya kifuniko ilipokuja safi mara ya pili nikamwamini.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni gavana. Wa spidi, kile kifaa kinachozuia gari lisipite 80, si wa kaunti. Siku ya kwanza barabarani Guka akapiga simu: "Mama, gari limefika themanini linajikata, na bodaboda zinanipita." Nikamwambia awashe ramani ya simu aangalie kasi. Sitini na tisa. Kwenye lori langu kihisi cha spidi kiko nyuma ya giaboksi, kinahesabu propela, hakijui kwamba difu imebadilika. Propela sasa inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, kwa hiyo gavana anadhani unakimbia. Na kilomita za dashibodi nazo zinazidi: ukienda 100 inaandika 117, na mteja anayelipa kwa kilomita atakushuku wewe mwizi. Ilinibidi nirudi kwa wanaofunga gavana, wakapanga upya na kutoa cheti kipya. Tenga pesa na siku moja kwa ajili hiyo.

Sasa matokeo, kama daftari linavyosema. Pale pikapu ya saruji ilipotushinda, mzigo wa uzito kama ule tunapanda namba tatu kwa kilomita 35, mshale uko 1,600, kebini imetulia, maji hayapandi joto. Namba mbili tunaihitaji mara chache sana. Klachi ni ileile tangu siku difu ilipoingia. Sababu si uvutaji peke yake. Namba moja yangu ni 5.3, ikizidishwa na difu ya zamani, injini ikiwa imekaa tu bila kukanyaga mafuta gari lilikuwa linatembea karibu kilomita 5 kwa saa. Sasa ni 4. Ni kama tofauti ndogo, lakini unapovuta gari kutoka mtaroni, ukiwa na kijana amesimama kando akikuonyesha kwa mkono, hiyo moja ndiyo inayokuruhusu kutoa mguu kwenye klachi kabisa badala ya kuisugua.

Kushuka ndiko kulikonishangaza zaidi. Kutoka Sachangwan kuja Salgaa kila mtu anajua historia ya mahali pale, na wengi walioangamia ni magari yaliyoachiliwa frii ili kuokoa dizeli. Guka haweki frii hata akilipwa. Kwa gia ileile na mwendo uleule injini sasa inazunguka juu zaidi, kwa hiyo inashikilia gari zaidi, na breki ya egzosti (inayoziba moshi ili injini izuie gari), ambayo chini ya 2,000 ilikuwa inakohoa tu, sasa inauma. Tukifika chini naweza kuweka kiganja karibu na ringi za nyuma bila kuruka.

Dizeli: na mzigo, Nakuru hadi Eldoret, nilikuwa napata kilomita 4.6 kwa lita, sasa 4.7. Tupu ilikuwa 6.4, imeshuka hadi 6.0. Anayekuambia difu ya mlima itakuokolea mafuta anakuuzia difu.

Kuhusu giaboksi, nilishawishiwa kwenda otomatiki. Mwenzangu wa Kisumu anayo na anaipenda. Kuondoka mlimani ni kukanyaga tu, ile konvata ya oili inayokaa mahali pa klachi huongeza nguvu yenyewe wakati wa kuondoka na hakuna klachi ya kuungua. Ila ameongeza rejeta ya pili ya oili ya giaboksi na geji ya joto lake, na akivuta hufunga gia ya juu isiingie, kwa sababu ikiingia na kutoka kila dakika oili huchemka. Tena yeye anazunguka Ahero, Awasi na uwanda wa Kano, ambako kilima kikubwa ni tuta la barabarani. Huko hata ile 41/10 yangu ya zamani ingekuwa mfalme. Mimi nikiharibikiwa na klachi Makutano, kesho yake jioni niko kazini. Otomatiki ikikwama, nani wa kuifungua? Ningekuwa na pesa za kubadilisha kitu kimoja zaidi ningetafuta giaboksi la manyuali la gia sita, ili lile pengo kati ya namba mbili na tatu lipungue. Hilo difu haiwezi kulitibu. Inasogeza gia zote pamoja, pengo linabaki palepale.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya mlio mwembamba unaosikika kati ya 60 na 64 mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, na kwa sababu ya sili ya pinioni, ule mpira wa kuzuia oili isivuje. Usiku naweka kadibodi chini ya difu, asubuhi nakuta tone moja, la ukubwa wa shilingi. Fundi alisema ni kawaida ya wiki za kwanza. Wiki za kwanza ziliisha Machi.